Macho ya Mwalimu wa Kemia

Kila aliyesoma kwake anamkumbuka akiwa ameinama. Hakuwa ameinamishwa na uzee. Enzi hizo aliweza kutembea kutoka Handeni mjini hadi shuleni kwetu na kurudi bila kuhema. Aliinama ili jicho lake liwe sawa na maji yaliyomo ndani ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, unaotumika kudondoshea asidi. Alifumba jicho moja, akashusha tone, akangoja, akashusha jingine. Midomo ilimcheza kwa kuhesabu, na alihesabu kwa Kizigua. Kisha akafunga koki na kusema, "Hapo," na darasa zima likashusha pumzi.

Nilikuwa mhudumu wake wa maabara kwa miaka tisa. Jina lake sitaliandika. Hakuniruhusu, na mimi si mtu wa kumchukulia kitu kingine bila ruhusa. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo watasema ndugu zake. Mimi nitaandika niliyoyaona: macho yake, maneno yake, ukali wake, na jinsi nilivyomfanya, kwa jibu moja la uongo, asiyaamini macho yale kwa miaka zaidi ya thelathini. Msomaji asingoje mwisho ili ajue nani alikosea. Ni mimi.

Neno alilolisema kuliko yote lilikuwa "Andika ulichokiona." Aliliandika kwa chaki juu kabisa ya ubao, na chaki ilipofifia alipita tena juu ya herufi zile zile, hata zikawa nene kama kamba ya mkonge. Wanafunzi walidhani ni jambo jepesi. Halikuwa jepesi. Mwanafunzi aliyesoma kitabu vizuri huja maabara akiwa na jibu tayari kichwani, na macho yake huwa wageni tu.

Nakumbuka binti mmoja wa kidato cha tatu aliyeandika kwamba kimiminika chake kimegeuka chekundu. Mwalimu akaichukua ile chupa yake ndogo, akaiinua dirishani. Ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa. Binti alikuwa amesahau kutia indiketa.

"Binti, nyekundu iko wapi?"

"Iko kitabuni, Mwalimu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Basi kitabu nakipa alama kumi. Wewe una sifuri. Rudia."

Binti alirudia, safari hii akatia indiketa, na rangi ilipotokea alipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Mwalimu alisimama nyuma yake mikono ikiwa mgongoni. Nilimwona akitabasamu, lakini binti alipogeuka lile tabasamu lilikuwa limeshaondoka.

Kwa wasiosoma sayansi, niseme kidogo. Indiketa ni maji ya rangi. Ukiyatia kwenye kitu kichachu, kama ndimu au siki, yana rangi moja. Ukiyatia kwenye kitu cha upande wa pili, kama magadi, sabuni au maji ya majivu, yanageuka rangi nyingine. Indiketa tuliyoitumia kwenye mitihani ilikuwa njano upande wa magadi na nyekundu upande wa asidi. Katikati ipo rangi kama ya ganda la chenza, na hiyo haikai. Tone moja kabla, bado ni njano. Tone moja baada, umeshapita. Mwalimu alisema kemia yote ya sekondari ni kumfundisha mtu kusimama kwenye tone hilo.

Alikuwa na maneno mengine. "Indiketa haifanyi kazi yoyote, inasema tu." Na alipomkuta mwanafunzi akichungulia daftari la jirani: "Jirani yako ana macho yake. Ya kwako umeyaacha bweni?" Hili la jirani alilishika sana. Alisema watu wengi wakikubaliana si kwamba wameona. Mara nyingi wameulizana. Nililisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba lilinipita sikioni kama upepo. Laiti yeye mwenyewe angelikumbuka siku ilipohitajika.

Shule ilipoishiwa karatasi za litmasi, zile za kupimia uchachu, na iliishiwa karibu kila mwaka, hakulalamika. Alinituma sokoni kununua choya, yale maua mekundu ambayo watu huchemsha wakapata kinywaji. Tuliyachemsha, tukakata karatasi za daftari vipande vyembamba, tukavichovya, tukavianika kwenye kamba kama dagaa. Ndani ya ndimu vilikuwa vyekundu. Ndani ya maji ya majivu viligeuka kijani kibichi. Wanafunzi walivipenda kuliko karatasi za kununua, kwa sababu walivitengeneza wenyewe. Yeye alivipenda kwa sababu nyingine. "Mtoto akirudi kwao Kwamsisi," aliniambia, "hatakuwa na maabara. Lakini choya atakuwa nacho, na jivu atakuwa nalo."

Elimu yake haikubaki shuleni. Siku moja jirani yetu, mama wa makamo, aliingia uani kwa Mwalimu akilia, ameshika kanzu ya mumewe. Mume alitoka harusini na doa la mchuzi wenye manjano. Mama alipolipaka sabuni ya mche, doa likageuka jekundu kama damu.

"Mwalimu, damu hii imetoka wapi? Mume wangu atakufa?"

"Atakufa, kama sisi sote. Ila si kwa kanzu hii. Leta ndimu."

Ndimu ikaletwa, akaikata, akaikamulia pale pale penye wekundu. Doa likarudi njano. Yule mama akanyamaza ghafla, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Kumbe Mwalimu ni mganga na umetuficha!"

"Mganga hakuachii ndimu ukajaribu mwenyewe nyumbani kwako," akamjibu, akamkabidhi ile nusu iliyobaki.

Baada ya wiki hakukuwa na nyumba pale jirani ambayo haikuwa imeharibu kitambaa kimoja kwa manjano, sabuni na ndimu.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi za mkonge, upande wa Ngombezi, Korogwe. Baba yangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge yakatoka nyuzi. Likizo moja Mwalimu alinisindikiza hadi kwetu, akapata chai, akaomba aonyeshwe mfereji wa maji yatokayo kwenye mashine. Akachuchumaa, akachovya karatasi ya bluu. Ikawa nyekundu.

"Mwalimu," baba akamwuliza, "hicho kikaratasi kinasema nini?"

"Kinasema maji haya ni machachu, mzee wangu."

"Ah! Sisi miguu ilishatuambia."

Wafanyakazi wenzake waliangua kicheko. Mwalimu alicheka pia, na hilo lilikuwa jambo la nadra. Kisha akatoa daftari, akayaandika maneno ya baba. Shule ilipofunguliwa aliyasoma darasani: "Mimi nilipima kwa karatasi, mzee mmoja wa mkonge alipima kwa miguu, na jibu letu ni moja." Nilikuwa nimesimama nyuma nikipanga chupa. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia maneno ya baba yangu yakisomwa mbele ya watu kama maneno ya mtu msomi. Kwa hilo peke yake ilinipasa kumtendea wema maisha yangu yote.

Alikuwa na kinyume chake pia, kama kila mtu. Maabara alikataza kuonja kitu chochote, hata chumvi. Lakini nje alionja kila kitu, majani, magome, udongo, akitema na kutikisa kichwa. Alipima kila kitu kwa kipimo, na bado ugali wake, mkewe alipokuwa safarini, ulijaa madonge. Mkewe alimwambia mbele yangu, "Baba watoto, ugali hauna indiketa, songa tu," naye akakasirika siku nzima. Kwenye bao hakukubali kushindwa. Alisema mpinzani ameficha kete. Hasira yake ilikuwa karibu. Aliwahi kuvunja rula juu ya meza kwa sababu mwanafunzi amepiga miayo.

Lakini jambo likiwa la sayansi, alikuwa mtu mwingine. Akikosea hesabu ubaoni alifuta na kusema, "Nimekosea mimi," kwa sauti ile ile aliyotumia kusema, "Fungueni madaftari." Hakujitetea, hakutafuta wa kumlaumu. Sijaona mtu mwingine aliyekubali kosa upesi namna ile. Na tabia hiyo nzuri ndiyo iliyompeleka chini, kwa mkono wangu.

Hapa ni lazima nieleze habari ya maji.

Anayeijua Handeni anajua kwamba maji pale ni habari ndefu. Kisima cha shule kilitoa maji maangavu, mazuri kwa macho, lakini yalikuwa mazito ya chumvi za mawe. Sabuni haikutoa povu. Sufuria zilishika ukoko mweupe ndani. Chai iliyopikwa kwa maji yale ilikuwa na utando juu na rangi ya kufifia, na mwenye nyumba alimkaribisha mgeni kwa aibu. Mwalimu aliyapima maji hayo kila muhula mbele ya wanafunzi. Karatasi nyekundu ya litmasi kwanza ilibaki vile vile, halafu taratibu ikageuka bluu. "Maji haya yamelala na mawe ya chokaa," alisema. "Ukiyachanganya na asidi, yanaila. Usiyatumie maabara kamwe."

Kwa hiyo maabara ilikuwa na pipa lake chini ya paa, la kukinga maji ya mvua. Aliliandika kwa rangi nyeupe: MAABARA. SI YA KUNYWA. Kila mtu alijua kwamba hayo ndiyo maji matamu kuliko yote pale shuleni. Ufunguo wa kifuniko nilikuwa nao mimi.

Mwaka wangu wa saba pale nilikuwa nikiposa. Mama wa binti alinipenda, lakini wajomba walikuwa bado wanasitasita, na walikuwa wanakuja kukaa kikao cha mwisho. Mama yule akaniambia kwa utani, "Mwanangu, kama ungenipatia maji ya mvua ya chai, wajomba wasingekuwa na la kusema." Ulikuwa mwisho wa kiangazi, mawingu yalipita tu. Nikafungua pipa. Nilipeleka ndoo mbili asubuhi na ndoo mbili jioni. Wajomba walikunywa chai nyeusi yenye kung'aa, wakasifu, na posa ikapita.

Kikao kile kiliangukia juma la mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Utaratibu ulikuwa hivi: mwalimu wa somo hupima mwenyewe kabla, anaandika kipimo chake, kinafungwa ndani ya bahasha na kwenda pamoja na karatasi za wanafunzi. Wasahihishaji hulinganisha. Siku ya mtihani yeye haruhusiwi kuingia; husimamia mtu wa shule nyingine. Mwalimu alitengeneza asidi kidogo kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye chupa, akapima mara tatu, akaandika, akafunga. Kisha akaniachia vipimo vya kuchanganyia na kuniambia, "Asubuhi tengeneza ya wanafunzi. Kama nilivyofanya. Maji ya pipa."

Asubuhi nilifungua pipa. Chini palikuwa na matope na mende mmoja.

Nilisimama pale muda mfupi. Ningeweza kumwendea, nyumba yake ilikuwa hatua mia moja. Angenigombeza, angevunja rula nyingine, kisha tungetafuta maji hata kwa kuazima mjini. Nilikwenda kisimani na ndoo. Sikudanganyika. Nilijua maji yale yanaila asidi, nilikuwa nimesikia hivyo kila muhula kwa miaka saba. Nilijiambia kwamba yatakula kidogo tu, na nani atajua kidogo?

Mtihani ulipokwisha niliosha chupa kuliko siku yoyote. Sikuacha hata tone.

Matokeo yalikuja baada ya miezi mingi, wanafunzi wakiwa wameshatawanyika. Vitendo vya kemia vilikuwa vibaya shule nzima. Baadaye kidogo ikaja barua kwa mkuu wa shule: vipimo vya watahiniwa wote vilikuwa juu ya kipimo cha mwalimu wao, na wote kwa kiasi kinachokaribiana. Shule ijieleze.

Alikuja maabara na barua mkononi. Mvua zilikuwa zimeanza na pipa lilikuwa linafurika. Tulisikia maji yakimwagika nje tulipokuwa tukizungumza.

"Kijana, ile asidi ya wanafunzi uliichanganya na maji gani?"

"Ya mvua, Mwalimu."

"Ya pipa letu?"

"Ya pipa letu."

Alinitazama kidogo. Katika miaka yote hakuwahi kunikuta na uongo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. "Vizuri," akasema, kisha akaniomba nimwandalie vifaa.

Alipima upya siku ile, kwa asidi niliyoitengeneza kwa maji safi ya mvua. Alipata kile kile alichokipata zamani. Nilidhani atafurahi, kwamba atasema, tazama, mimi sikukosea. Badala yake alikaa kwenye kigoda na kulitazama dirisha.

"Watoto thelathini na nane," akasema. "Kila mmoja kwa mkono wake. Wote wanafika mahali pamoja, mimi peke yangu nasimama kabla."

"Lakini umepata kile kile, Mwalimu."

"Ndiyo ubaya wake. Jicho lililopinda halipindi siku moja moja. Linapinda kila siku sawasawa." Akaongeza, "Mimi naona imegeuka, kumbe bado ni njano."

Mtu aliyewafundisha watu wasiwafuate majirani aliwafuata watoto thelathini na nane, kwa sababu aliwapenda na aliwaamini kwamba wameandika walichokiona. Na kweli walikuwa wameandika walichokiona. Alikwenda kwa mkuu wa shule, akasema, "Nimekosea mimi. Macho yangu hayaioni rangi inapogeuka." Aliomba asishike tena vitendo, afundishe hesabu. Wakamkubalia.

Wapo watoto wa mwaka ule waliokosa nafasi ya kuendelea na sayansi. Mmoja nilimjua, alitaka udaktari, akaishia kuuza dukani kwa shemeji yake kule Hale. Hilo nalo ni langu.

Akaletwa mwalimu kijana. Mwalimu wangu aliingia maabara mara moja moja tu, kuchukua chaki. Wanafunzi wapya hawakumjua alivyokuwa. Walisikia tu kwamba kuna mzee anayefundisha hesabu ambaye hawezi kutofautisha rangi. Wakampa jina, Mzee Njano. Siku moja walilitaja maabara, mimi nikiwepo, nikacheka pamoja nao. Sikulazimishwa kucheka.

Watu huniuliza, wachache niliowaambia, kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa kufukuzwa kazi. Baada ya harusi niliogopa mke wangu asije akaona kwamba ndoa yetu ilianzia kwenye ndoo zile. Baada ya hapo sikuwa na hofu yoyote; nilizoea tu. Mke wangu nilimwambia tukiwa wazee. Akasema, "Hukunidanganya mimi. Nenda kamwambie uliyemdanganya." Alirudia maneno hayo mara tatu katika miaka yake ya mwisho. Nilimzika bila kuwa nimekwenda.

Mwalimu alihamia upande wa Korogwe, akastaafu, akajenga Makuyuni, akalima. Mimi pia nilirudi Korogwe. Tulikuwa karibu kiasi cha kutembeleana, na nilipanga mambo yangu nisipite njia yake.

Mwaka huu, baada ya masika, nilikuwa sokoni Manundu nikichagua dagaa, mama mmoja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo baba. Wewe si yule wa maabara, Handeni?"

Alikuwa binti mkubwa wa Mwalimu. Nilimwacha akiwa msichana wa shule ya msingi. Sasa ana wajukuu. Nikamwuliza hali ya baba.

"Yupo, ila macho. Yana mtoto wa jicho, yote mawili. Anaona vivuli tu. Madaktari wanakuja hospitali ya wilaya kupasua, watu wanapona kabisa. Yeye hataki."

"Anaogopa kisu?"

"Angekuwa anaogopa ningemwelewa. Anasema wakatibiwe wenye macho yaliyowahi kuwa na faida." Akatikisa kichwa. "Nimekua na maneno hayo, baba. Tukiwa watoto, mtu akimwuliza nguo hii ni ya rangi gani, alituita sisi tumjibu. Orodha yao inafungwa wiki hii."

Nililipa dagaa nikamwachia mwenye meza, nikaondoka bila kuwachukua.

Kesho yake asubuhi nilifika Makuyuni. Alikuwa amekaa barazani na ungo mapajani, akichambua maharage kwa vidole. Alikuwa amekuwa mdogo, kama wazee tunavyokuwa, lakini shingo ilikuwa imesimama.

"Hodi. Shikamoo, Mwalimu."

Vidole vikasimama. "Marahaba. Sauti hii ni ya kijana wa maabara."

"Ndiye, Mwalimu."

"Umezeeka?"

"Nimezeeka."

"Sauti bado. Kaa. Habari za Handeni?"

Nilijua nikianza habari za Handeni sitamaliza, nitakunywa chai na kurudi nyumbani nikiwa mwongo yule yule. Sikukaa.

"Mwalimu, ule mwaka wa barua, uliniuliza maji gani. Hayakuwa ya mvua. Nilitumia ya kisima."

Kuku alipita barazani, akadonoa harage lililoanguka, akaenda zake. Nikamweleza yote, ndoo nne, wajomba, mende chini ya pipa, chupa nilizoziosha. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na mbele, naye hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza akauliza, "Ulijua yanaila asidi?"

"Nilijua. Ulinifundisha."

"Yale ya kisima cha shule." Aliinua uso, macho yake meupe yakaelekea uwanjani. "Yangekula, ndiyo. Yangekula kiasi kile kile, karibu mililita mbili na nusu juu ya kipimo changu." Alikaa na hesabu yake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "Kumbe wao waliona sawa. Na mimi niliona sawa."

"Uliona sawa, Mwalimu. Siku zote."

"Usiniambie siku zote. Sema ile unayoijua."

"Siku ile uliona sawa."

Aliubana ungo kwa magoti ili maharage yasimwagike. Nilipiga magoti kwenye sakafu, mzee mbele ya mzee, nikamwomba radhi. Sikusikia neno la kunisamehe, na sikulitegemea. Alichofanya ni kugeuza kichwa kuelekea ndani na kumwita binti yake kwa sauti niliyoikumbuka, ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa.

Binti akaja akifuta mikono kwenye kanga.

"Kaa hapa," akamwambia. Na kwangu: "Na wewe inuka, kaa kwenye kiti. Mimi nimeshasikia. Sasa mwambie huyu. Ndiye aliyekua na baba kipofu."

Nikakaa. Binti alinitazama, kisha akamtazama baba yake.

"Siku ile," nikaanza, "maji ya mvua yalikuwa yamekwisha..."

"Hayakwisha," Mwalimu akasema. "Uliyagawa."

"Niliyagawa," nikasema.

Nikaendelea kwa utaratibu safari hii, ndoo moja moja, hatua moja moja. Nilipofika kisimani binti aliweka kiganja mdomoni. Nilipofika kwenye chupa alikuwa ameshaelewa, na uso wake ulikuwa umebadilika kiasi kwamba sikuweza kuutazama. Akamshika baba yake mkono.

"Baba," akasema, "niende leo nikakuandikishe? Kwa madaktari?"

"Ngoja amalize. Bado hajafika pale nilipomwuliza."

Nikamgeukia binti, nikainua macho.

"Baba yako aliniuliza nilitumia maji gani," nikasema. "Nami nikamjibu, ya mvua."